Siku Tatu Kabla ya Pasaka



Wakristo wengi hufika kanisani Jumapili ya Mitende, kisha hurudi asubuhi ya Pasaka. Siku tatu za katikati huwapita.

Alhamisi Kuu Bwana aliwaosha wanafunzi miguu, Yuda akiwamo (Yohana 13). Mkulima wa Igurwa anaielewa huduma hiyo, maana Pasaka huja wakati wa masika, miguu ikitoka shambani na matope.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Buhaya na Karagwe, uliwafundisha waumini kulitaja kosa lao, kuomba radhi na kurudisha walichochukua. Ndivyo ibada ya Alhamisi inavyomwuliza kila aijiaye Meza ya Bwana: je, jirani aliyesogezewa mpaka wa shamba amerudishiwa haki yake?

Ijumaa Kuu humwonyesha mwamini gharama ya msamaha. Jumamosi humfundisha kungoja kimya penye kaburi. Aliyepita njia hiyo huipokea Pasaka akiwa amepatana na nduguye.

Miaka 100 ya usharika na ipimwe kwa upatanisho huo.

Amina.