Fomu ya P9 Ikikosekana



Nchini Kenya, kufikia tarehe 30 Juni kila mwaka, mwenye PIN anapaswa kuwasilisha ritani ya ushuru wa mapato ya mwaka uliotangulia. Mwajiriwa hutumia fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri, inayoonyesha mshahara na ushuru aliokatwa. Lakini wapo walinzi, wapishi na walimu ambao waajiri wao wamefunga kazi, au hawaitoi.

Kukosa P9 hakumwondolei mtu wajibu. Akichelewa, hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa. Wala asijaze kwamba hakupata kitu ilhali alilipwa.

Tunashauri hivi: amwombe mwajiri kwa barua na abaki na nakala. Asipojibiwa, akusanye hati za mshahara za kila mwezi na taarifa ya benki, ajumlishe malipo na makato, kisha azipeleke ofisi ya KRA mapema, kabla ya foleni za Juni.

Nasi katika kamati tukumbuke kwamba parokia yenye wafanyakazi ni mwajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya malipo yake kwa maandishi. Ushuru tunaokata ufike KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. P9 tuzitoe bila kungoja kuombwa. Anayemlipa mtu haki yake na ampe pia karatasi ya kuithibitisha.