Maneno juu ya Msitu wa Mbizi, yaliyosemwa Milanzi



Nimeombwa niseme juu ya misitu. Mgeni akisimama hapa Milanzi atacheka: msitu uko wapi? Pande zote aona nyasi. Lakini upande wa mashariki, juu ya bonde la Rukwa, iko milima ya Mbizi, na huko umebaki msitu wa asili.

Wazee wa Ufipa walikuwa mafundi wa chuma. Walisimamisha matanuru ya udongo yapitayo kimo cha mtu, yaliyovuta upepo yenyewe pasipo mivukuto, na tanuru moja lilimeza mkaa mwingi. Wasemao kwamba wazee hawakukata miti hawaijui kazi hiyo. Walakini wazee hao hao walijua kulima pasipo kukata mti. Jirani zao Wabemba, walioko Zambia, walikata matawi na kuyachoma wapate majivu ya shamba. Mfipa alipindua majani pamoja na udongo, akafanya intumba, majani yakaoza ndani, kisha akaitawanya akapanda ulezi. Hiyo nayo ni elimu, wala haikutoka kitabuni.

Sasa neno gumu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yamkataza mtu kukata mti katika msitu wa hifadhi pasipo kibali. Ni sheria njema, maana msitu hulinda chemchemi, tena udongo uchukuliwao na mvua huishia katika Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea. Uingiao humo hukaa humo. Lakini sheria humkuta nani kwanza? Humkuta mama mwenye mzigo wa kuni kichwani. Anunuaye gunia la mkaa mjini haulizwi neno.

Mwaka 2023 Serikali iliagiza taasisi zipikiazo watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Waalimu, neno hili lawahusu. Mtaniuliza: jiko la gesi litalipwa na nani, iwapo mzazi huleta kuni kwa kuwa hana fedha? Swali ni la haki. Lipelekeni kwa diwani na katika mkutano wa mtaa, lisiishie jikoni. Aagizaye kuni ziachwe na aonyeshe pia fedha ya jiko.

Nanyi mnaposubiri jibu, pandeni miti ya kuni ya shule, ila mikaratusi iwekwe mbali na chemchemi, kwa maana hunywa maji mengi. Mvua huanza Novemba. Vitalu viwe tayari kabla yake, na kila darasa lipewe mistari yake ya kupalilia.