Kumfukuza mtoto si dawa



Tulirudi Kasongo na Kabambare na mabunda yetu. Leo tuko na mzigo mwingine nyumbani. Vijana wetu wanaenda kuchimba zahabu Salamabila, na wengine wanameza tramadoli juu ya kuvumilia shimo. Ile ni dawa ya maumivu makali, jamaa moja na morfini. Mwili ukiizoea, kuiacha kwa ghafula kunaleta jasho, kutetemeka, kukosa usingizi. Kuichanganya na lutuku kunaweza kukata pumzi.

Basi wazazi, tusimfunge mtoto ao kumfukuza. Tumpeleke kwa muganga, apunguziwe pole pole. Wenye kuuza dawa kati yetu, tusiuze bila karatasi ya muganga. Wasaidizi, mtusaidie feza ya njia mpaka hospitali.