Demokrasia Ivuke Lango la Kiwanda



Tumealikwa kuzungumza juu ya usalama wa wafanyakazi katika viwanda vya chai na kahawa. Huenda baadhi yenu mkauliza jambo hili lina uhusiano gani na harakati za mageuzi. Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba mnamo Desemba 1991, raia alirudishiwa haki ya kusema hapana mbele ya mtawala. Je, raia huyo huyo akiingia zamu ya usiku kiwandani, anaweza kusema hapana mbele ya mashine isiyo na kinga? Mageuzi yanayoishia kwenye sanduku la kura hayajamfikia.

Tuitazame kazi yenyewe. Majani ya chai yakiletwa kiwandani hutandazwa na kupulizwa hewa mpaka yanyauke. Kisha hupitishwa kati ya rola za chuma zenye meno makali, zinazoyakata, kuyararua na kuyakunja. Rola hizo hazitofautishi jani na kidole. Hatari huzidi pale majani yanapokwama, au mashine inaposafishwa kabla umeme haujazimwa na swichi kufungwa kwa kufuli. Boila inayotoa mvuke wa kukaushia chai hubeba shinikizo kubwa, na isipokaguliwa yaweza kupasuka. Katika chumba cha kuchambulia chai kavu, vumbi laini huingia mapafuni kwa kila pumzi.

Kahawa nayo ina madhara yake. Inapokobolewa, vumbi la maganda hujaa hewani, na waganga wamekwisha kuthibitisha kwamba vumbi la kahawa mbichi laweza kuleta mzio wa macho na pua, hata pumu. Anayebeba magunia ya kilo 60 kutwa nzima huuchosha mgongo wake mpaka ukaharibika. Maumivu ya namna hii hayatoi damu. Huja polepole, na mwenye kuumwa huambiwa ana mafua tu.

Sheria ipo. Sheria ya Viwanda ilianza kutumika mwaka 1951, wakati wa ukoloni. Mwaka 1990 ilipanuliwa ili ihusu mahali pengine pa kazi. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo hatuwezi kulia kwamba hatuna sheria. Kilio chetu ni kwamba sheria imelala kabatini.

Ni nani wa kuiamsha? Hapa tuambiane ukweli. Viwanda vya chai vinavyosimamiwa na KTDA ni mali ya makampuni ambayo wenye hisa ni wakulima wadogo. Viwanda vingi vya kumenyea na kuosha kahawa vijijini ni mali ya vyama vya ushirika. Maana yake ni kwamba mwajiri wa kijana aliye mbele ya rola si mgeni wa mbali. Ni mkulima, na wakulima wengi wameketi katika ukumbi huu. Mkulima ndiye anayepiga kura ya kuchagua wakurugenzi au kamati ya ushirika.

Tunajua mkulima ana shida zake. Hungoja bonasi ili alipe karo, na kila shilingi inayotumika kununua kinga ya mashine huonekana kana kwamba imetolewa mfukoni mwake. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfanyakazi akipoteza mkono, kiwanda hudaiwa fidia, na jamaa yake hupoteza tegemeo. Wala hakuna fidia iotayo mkono. Bonasi inayonenepeshwa kwa vidole vya jirani haiwezi kuitwa faida.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu wa mwaka, kila mwenye hisa na asimame aulize maswali matatu. La kwanza: ukaguzi wa usalama, ambao sheria hutaka ufanywe angalau mara moja kila miezi 12, ulifanywa lini, na ulisema nini? La pili: kamati ya usalama na afya, ambayo ni lazima iwepo palipo na watu 20 au zaidi walioajiriwa, hukutana lini, na wawakilishi wa wafanyakazi walichaguliwa na wenzao au waliteuliwa na meneja? La tatu: tangu mkutano uliopita ni wangapi wameumia, na wangapi wamelipwa?

Kwa mfanyakazi tuna neno pia. Ukiumia, mjulishe mwajiri mara moja, nenda hospitali, na utunze kila karatasi. Dai la fidia lina muda wake, nao ni miezi 12. Mahakama ya Juu iliamua tarehe 3 Desemba 2019 kwamba sheria ile ya fidia ni halali, na madai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Wengi hukosa haki yao kwa kutojua mlango wa kubisha. Na kibarua asidanganywe kwamba hana haki kwa kuwa hana barua ya kazi, maana mkataba wa mdomo nao ni mkataba.

Makanisa yaweza kusaidia sana. Mfanyakazi anayeogopa kufutwa hatasema kitu mbele ya msimamizi, lakini atasema mbele ya mchungaji wake. Kila parokia na iteue watu wawili au watatu watakaosikiliza, kuandika, na kumsindikiza aliyeumia hadi ofisi ya serikali inayohusika.

Tulidai kura tukaipata. Sasa twende nayo hadi mlango wa kiwanda, tuitumie kwa ajili ya yule ambaye mikono yake huandaa chai tunywayo.