Uzi, Duka na Nyumba: Kufuma kwa Kujifurahisha katika Siku ya Mtu wa Kariakoo

Mada ya semina

Siku ya duka la Kariakoo haina mwendo mmoja. Asubuhi huingia wateja wa jumla, wa mikoani na wa kutoka Zambia, Malawi, Comoro na Kongo, wakiwa na orodha mkononi na haraka ya kufunga mzigo. Jioni hupita wafanyakazi wa maofisini wanaokwenda vituoni, wanaouliza bei nyingi na kununua kidogo. Katikati ya mchana, jua likiwa kali, mtaa hupoa. Muuzaji mmoja atashika simu. Mwingine atasinzia juu ya robota la vitenge. Wa tatu atafungua mkoba, atatoa kroshia na donge la uzi wa pamba, na kuendelea pale alipoachia jana. Mada hii inamhusu huyo wa tatu.

Mfumaji wa Dar es Salaam mara nyingi hafumi sweta. Sweta ni habari ya Njombe, Makete, Mbeya na Lushoto, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha na mtoto haendi shule bila kuvaa moja. Hapa mjini hufumwa vitambaa vya makochi na vya meza, mikoba, kofia na soksi za mtoto mchanga, ambaye hata katika joto la Februari huvikwa kama anayesafirishwa kwenda Makete usiku huo huo. Miaka ya nyuma palikuwa pia na kitambaa cha kufunika televisheni. Televisheni zilipokosa mgongo, nacho kikakosa pa kukaa.

Kwa nini kroshia ndiyo iliyoshika dukani, si zile sindano mbili ndefu? Sababu ni ya kiufundi. Anayefuma kwa sindano mbili hubeba vitanzi kadhaa kwa wakati mmoja, na akinyanyuka ghafla kumpimia mteja kitambaa, vitanzi huteleza na safu nzima hufumuka. Mwenye kroshia ana kitanzi kimoja tu kilicho hai. Mteja akiuliza bei, hukivuta kikawa kirefu, huweka kazi chini, huuza, kisha hurudi na kuendelea. Hatafuti alipoishia wala hahitaji miwani kuhesabu upya. Kazi inayokubali kukatizwa mara thelathini kwa siku ndiyo inayofaa kwa mtu ambaye siku yake yote ni ya kukatizwa.

Wanawake wa Pwani walilijua hilo zamani. Ukili wa mkeka husukwa kama utepe mwembamba unaorefuka kidogo kidogo. Msukaji huusuka akipiga soga, akilinda sufuria jikoni, hata akitembea kwenda kwa jirani. Mkeka wenyewe hushonwa baadaye nyumbani, kwa kuunganisha tepe hizo. Kofia ya viua ya Zanzibar na Lamu nayo imegawanyika vipande viwili, ukuta wa pembeni na kifuniko cha juu. Kila kijitundu hushonwa kwa mkono, na kofia moja nzuri huweza kuchukua wiki nyingi, pengine miezi. Oman, ambako kofia ya namna hiyo huitwa kumma, hali ni ile ile. Kule Kenya wanawake wa Kikamba na wa Kikikuyu wamejulikana kwa kusuka kiondo huku wakitembea, mzigo ukiwa mgongoni. Katika kazi zote hizi kuna kipande cha kubeba na kuna hatua ya kuunganisha. Kipande cha kubeba hakihitaji meza, wala taa kali, wala ukimya. Hatua ya kuunganisha ndiyo inayodai mtu atulie. Mfumaji wa leo anayelalamika kwamba hapati muda mara nyingi ameanza na shuka la kitanda lenye kipande kimoja kikubwa, kisichoingia mkobani na kinachoburuzika sakafuni. Angefuma miraba midogo na kuiunganisha Jumapili, lalamiko lingepungua kwa nusu.

Jambo jingine lililobadilika ni nyumba. Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uwa nyuma, baraza mbele. Barazani na uani ndipo kazi za mkono zilipofanyika, na macho ya mama yalikuwa kwa wakati mmoja juu ya mshono, juu ya watoto na juu ya wapita njia. Nyumba nyingi za aina hiyo zimebomolewa, na mahali pake yamesimama maghorofa yenye maduka chini na stoo au fleti juu. Wenye maduka wengi hulala mbali, Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara au Tegeta. Kwa hiyo sehemu tatu zilizokuwa chini ya paa moja, yaani kazi, malezi na burudani ya mkono, sasa zimetenganishwa na safari ya basi. Mwendokasi wa Kimara, ulioanza kubeba abiria mwaka 2016, umefupisha safari ya baadhi yao, lakini asiyepata kiti hafumi. Kroshia yenye ncha katika msongamano wa saa kumi na mbili jioni ni hatari kwa jicho la jirani.

Ufumaji wenyewe ulifika kwa njia kadhaa: shule za misheni, klabu za akina mama za mwishoni mwa ukoloni zilizofundisha kushona, kufuma na kupika, kisha matawi ya umoja wa wanawake, UWT, baada ya 1962, na madarasa ya sayansi kimu na Stadi za Kazi. Kote huko ulifundishwa kama maarifa ya nyumbani, yaani sehemu ya wajibu wa mke. Hilo limeacha alama. Mama akishika uzi nyumbani, hakuna anayeona kwamba anapumzika. Anaonekana yuko kazini, kwa hiyo anaweza kutumwa. Baba akitazama mpira wa Simba na Yanga, kila mtu anajua kwamba hasumbuliwi mpaka dakika ya tisini. Tofauti hiyo haitokani na uzito wa jambo lenyewe. Inatokana na mmoja kuwa na muda unaotambuliwa na mwingine kutokuwa nao.

Hesabu ya seti moja

Dai kuu la mada hii ni kwamba kinachogombanisha ufumaji na familia, na hatimaye na kazi, mara nyingi si ufumaji. Ni oda.

Kariakoo haiwezi kuona kitu kizuri bila kukiulizia bei. Muuzaji anamaliza kitambaa chake cha meza, jirani wa duka la pili anakishika, anakigeuza, anasema, "Dada, nami nifumie seti ya makochi, binti yangu anaolewa." Kukataa ni aibu. Kukubali ni heshima, tena na hela ya kuweka kikoba. Hapo ndipo hesabu inapotakiwa kufanyika kabla mdomo haujasema ndiyo.

Tuchukue makochi ya watu saba: la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Migongo saba, mikono minane, jumla vitambaa 15. Tuseme mkono uliozoea unamaliza kitambaa kimoja kwa wastani wa saa 3, na vya maua makubwa huzidi hapo. Hizo ni saa 45. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kuwa ukomo wa wiki ya kawaida ya kazi, mbali na saa za ziada. Kwa maneno mengine, seti moja ya makochi ni wiki nzima ya ajira, imejificha ndani ya mkoba. Anayefuma saa moja kwa siku ataimaliza baada ya mwezi mmoja na nusu. Ameahidi wiki tatu? Basi saa zinazopungua zitatoka mahali, na mahali penyewe panajulikana: usingizi, madaftari ya watoto, au mteja wa duka anayejibiwa bila kutazamwa.

Upande wa fedha nao hausameheki. Tuseme, kwa mfano tu, seti inauzwa shilingi 90,000 na uzi umekula 30,000. Kinachobaki ni 60,000 kwa saa 45, ambazo ni kama shilingi 1,300 kwa saa. Kuna watakaoona inatosha, na hiyo ni haki yao. Ila waione kwanza. Wafumaji wengi huhesabu uzi na kusahau mkono, kwa kuwa mkono walikuwa nao tangu mwanzo.

Hakuna ubaya kufuma kwa ajili ya fedha. Kenana Knitters wa Njoro, Kenya, walioanza mwaka 1998, wamewapatia wanawake wa vijijini kipato kwa kusokota sufu na kufuma wanasesere wa wanyama. Lakini pale kazi inaitwa kazi: kuna bei kwa kila kipande na kuna soko linalosubiri. Anayeumia ni yule wa katikati, anayedai anafuma kujiliwaza huku ana oda nne, hakuna hata moja iliyolipiwa malipo ya awali, na picha zote ziko kwenye status ya WhatsApp zikikaribisha ya tano. Ushauri wa mada kwa huyo ni mkavu. Achague vipindi vya oda, tuseme miezi ya harusi, apange bei na siku ya kukabidhi kabla ya kununua uzi. Miezi mingine mkoba ubebe kazi yake mwenyewe, au zawadi ya arobaini ya mtoto wa ndugu, na jibu kwa wengine liwe "nimefunga oda." Fundi cherehani hujibu hivyo kila mwezi wa Ramadhani, wala hakuna anayemnunia.

Saa moja ya kisheria, na nyingine zisizo za kisheria

Sheria hiyo hiyo ya 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi wakati wa mapumziko ikiwa tu kazi haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwingine. Kwenye duka lenye msaidizi mmoja, sharti hilo linakula saa yote. Wenye maduka husema msaidizi anayefuma anafukuza wateja, anaonekana hana habari. Labda. Ila anayefuma huinua uso kila anapomaliza safu, na uso uliozama kwenye simu huinuka kwa nadra. Tangu Kariakoo iingie katika mpango wa biashara ya saa 24 mwanzoni mwa 2025, suala hili limezidi uzito, kwa sababu zamu ya usiku ina utulivu mrefu kuliko mchana na taa za kutosha, lakini ndiyo inayomtoa mtu nyumbani wakati watoto wamerudi.

Je, kuna faida ya kweli, au ni kujifariji tu? Mwaka 2013 jarida la Uingereza la tiba kazi lilichapisha matokeo ya maswali yaliyojibiwa na wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali. Waliofuma mara kwa mara, zaidi ya mara tatu kwa wiki, waliripoti kujisikia watulivu na wenye furaha zaidi, na waliofuma katika vikundi walisema wamefaidika kwa urafiki. Isomwe kwa tahadhari, maana waliojibu ni watu wanaopenda kufuma tayari. Hata hivyo inalingana na yale ambayo wafumaji husema wenyewe, kwamba mkono ukiwa na kazi nyepesi, kichwa huacha kuzungukia deni lile lile.

Wanaume wasijitoe. Mafundi cherehani wa Kariakoo ni wanaume kwa wingi, na hakuna anayewashangaa. Mwaka 2021 mrukaji majini wa Uingereza, Tom Daley, alionekana akifuma jukwaani kwenye Olimpiki ya Tokyo, na akafuma hata kifuko cha medali yake ya dhahabu. Wakati huo alikuwa na mtoto mdogo nyumbani. Baba wa Buguruni anayefundishwa kroshia na binti yake hatapewa medali, lakini jioni hiyo watakuwa wamekaa pamoja bila televisheni, jambo ambalo makochi ya Dar es Salaam hayalishuhudii mara nyingi.

Limebaki jambo moja ambalo semina za namna hii hulikwepa. Tafiti za matumizi ya muda nchini zimeonyesha kwamba kazi za nyumbani zisizo na malipo huwaangukia wanawake kwa kiasi kikubwa kuliko wanaume. Mwenye duka anayepata saa yake ya kufuma usiku, mara nyingi amenunuliwa saa hiyo na dada wa kazi anayeosha vyombo na kumlaza mtoto. Dada huyo naye ni mfanyakazi chini ya sheria ile ile. Ana haki ya saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, isipokuwa pawe na makubaliano ya maandishi yanayoruhusiwa, na saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Familia inayokaa chini kupanga nani afanye nini ili mama afume, na isimtaje dada kwenye mpango huo, imehamisha mzigo tu. Na katika nyumba nyingi dada ndiye mwenye mkono mwepesi zaidi kwenye kroshia, amejifunzia shuleni kwao, na ndiye anayemaliza ile miraba ya oda bila jina lake kutajwa wala hesabu ya saa zake kuingizwa kwenye zile 45.