Tusimkatishe Mwenzetu Neno

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa niwaeleze vijana juu ya masomo ya juu ya chuo kikuu. Nimechagua fani ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia, nayo ni sayansi ya mawasiliano ya binadamu na matatizo yake. Lakini kwanza sina budi nikiri kosa.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa kiranja wa darasa, na kila asubuhi niliita majina. Mwenzetu mmoja alikuwa na kigugumizi. Nikimwita, neno "nipo" lilimkwama, na darasa zima likacheka. Asubuhi moja sikumngoja. Niliandika kwamba hayupo, nikaita jina linalofuata. Jioni alifyeka majani peke yake kwa kosa la utoro, hali alikuwa ameketi mbele yangu. Yeye hakuweza kujitetea. Mimi niliyeweza kusema, nilinyamaza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtumishi wa serikali, tulipokea maombi ya binti aliyetaka kwenda kusomea shahada ya pili ya fani hii. Mmoja wetu aliuliza kwa mzaha, "Hata kigugumizi nacho kina shahada?" Tulicheka. Kisha nikalikumbuka lile daftari la mahudhurio, nikaanza kusoma habari za fani hiyo.

Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ni miongoni mwa vyuo vilivyoiasisi. Huko Lee Edward Travis alipata shahada ya udaktari mwaka 1924, na baadaye akaongoza kliniki ya usemi. Kijana mmoja kutoka Kansas, Wendell Johnson, alikwenda kusoma huko akiwa mwenyewe ana kigugumizi kikali. Mwaka 1930 alitoa kitabu juu ya kigugumizi chake, na hatimaye akawa profesa pale pale.

Lakini wenye elimu nao hukosa. Mwaka 1939 mwanafunzi wa Johnson, Mary Tudor, alifanya utafiti kwa watoto 22 wa kituo cha yatima mjini Davenport. Baadhi yao walikuwa wanasema vizuri, lakini waliambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi. Watoto hao waliingiwa na haya, wakapunguza kusema. Habari hizo zilipofichuliwa mwaka 2001 chuo kiliomba radhi, na mwaka 2007 Jimbo la Iowa lilikubali kulipa dola 925,000. Leo wataalamu wanaeleza kwamba asili ya kigugumizi imo katika ubongo na urithi, wala si uvivu au woga. Hata hivyo, dhihaka humfanya mtu aogope kufungua kinywa.

Vijana, masomo yenyewe ni haya. Huko Marekani shahada ya pili ya tiba ya usemi na lugha kwa kawaida huchukua miaka miwili. Mwanafunzi hujifunza ubongo, koo, sikio, na jinsi mtoto anavyopata lugha. Hujifunza kumsaidia aliyepoteza maneno kwa kiharusi, mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, na mgonjwa asiyeweza kumeza vizuri. Ili kupata cheti cha taaluma anatakiwa awe na saa 400 za mazoezi: 25 za kutazama tu, na 375 za kuwahudumia watu. Baada ya hapo hufanya kazi kwa wiki 36 chini ya uangalizi. Wanaotaka kupima na kutibu usikivu husoma hadi udaktari.

Wala si lazima kuvuka bahari kwa kuanzia. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha tiba ya usemi na lugha.

Tena kazi hii inawahitaji wenye lugha yao. Mtoto anayesema Kiswahili hawezi kupimwa kwa kipimo kilichotungwa kwa Kiingereza. Kiingereza hakina ngeli zetu. Asiyezijua ngeli atatambuaje kama mtoto amechelewa kuzishika, au bado yumo katika umri wa kuzichanganya? Na mzee aliyepata kiharusi atafundishwaje tena kuomba maji kwa lugha asiyoitumia nyumbani kwake?

Walimu wetu, nawaomba jambo moja dogo lisilohitaji fedha. Mwanafunzi mwenye kigugumizi anaposimama kujibu, mngojeni amalize. Msimmalizie neno, msimwambie aharakishe, na msiruhusu wenzake wamcheke.

Mwisho, namwomba Ndugu Mhariri aichapishe hotuba hii, huenda ikamfikia yule mwenzetu. Adhabu aliyofanya siwezi kuifuta. Ila natamka mbele ya mkutano huu kwamba asubuhi ile alikuwepo darasani, na niliyeandika uongo ni mimi. Namwomba radhi.