Baba na Mwana Njiani kwenda Moria: Dominika ya Pili ya Kwaresima, Mwaka B



Somo la kwanza la Dominika hii limetoka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 22, nalo twalijua sana: Abrahamu anaagizwa amtoe sadaka mwanawe Isaka. Lakini waliofuatilia wakiwa na Biblia mkononi watakuwa wameona jambo. Somo lisomwalo kanisani huanza na aya ya kwanza na ya pili, kisha huruka mpaka aya ya 9, penye madhabahu na kisu. Kilichorukwa ni safari yenyewe. Kanisa lina sababu zake za kufupisha masomo, wala hatuna ugomvi nalo. Ila leo tunaomba ruhusa ya kuzirudia aya hizo sita zilizoachwa, kwa maana ndimo baba na mwana walimozungumza.

Kwanza tuirekebishe picha iliyomo vichwani mwetu. Wachoraji wengi humwonyesha Isaka kama kitoto. Maandiko hayataji umri wake, lakini yanasema alitwishwa kuni za sadaka ya kuteketezwa akapanda nazo mlimani, na huo si mzigo wa mtoto anayeanza shule. Yosefo, mwandishi wa historia ya Wayahudi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba Isaka alikuwa na umri wa miaka 25. Walimu wengine wa Kiyahudi walihesabu 37. Basi hapa tuna mzee na mtu mzima aliye mwanawe. Ikiwa walitoka Beer-sheba, walikorudi baadaye, na ikiwa Moria ndio mlima wa Yerusalemu kama mapokeo yasemavyo, huo ni mwendo wa kilomita zipatazo 80, pamoja na vijana wawili na punda. Mahali penyewe walipaona siku ya tatu. Maana yake walilala njiani mausiku mawili, na Maandiko hayataji neno hata moja walilosemezana katika mausiku hayo.

Sisi wa Singida tunaweza kuyaelewa mausiku hayo. Kusini mwa mkoa wetu, ukishapita Manyoni na Itigi, yapo mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yaliyoshikamana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Nayo Ruaha ilikuwa sehemu ya pori la Rungwa hadi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Huko Ruaha wageni hupiga hema ili waone tembo na simba, na kijana mwenye mshahara akimpeleka mzazi wake kulala huko siku mbili tatu, afanya jambo jema sana. Lakini watu wetu walijua kupiga kambi kabla hawajaona hema la turubai. Tunazo kambi za asali. Mvua zikishakoma, wazee na vijana wao huingia katika misitu ya miyombo, kwa kibali pale panapotakiwa kibali, wakiwa na unga, chumvi, kamba, shoka na ndoo. Hujenga kibanda cha majani, hukaa juma zima au zaidi. Asali hurinwa usiku, kwa kuwa nyuki wetu ni wakali. Kijana hupanda mtini na kienge cha moshi hadi ulipo mzinga wa gogo. Mzee hubaki chini na kamba, akiipokea ndoo ikishuka. Mchana hukamua masega, huyeyusha nta, na hukaa tu. Ni huko kukaa tu tunakotaka kukuzungumzia.

Tunamjua baba mmoja wa upande huo, na mwanawe wa kwanza, mtu wa miaka zaidi ya 30. Majina yao tunayaacha. Kijana alipomaliza kidato cha nne aliambiwa kwamba fedha za kumwendeleza hazipo. Wakati huo huo aliona ng'ombe wanne wanatolewa zizini na kuuzwa, na mwaka uliofuata mdogo wake akapelekwa shule ya bweni. Hakuuliza. Alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi za kubeba mizigo, kisha akapata kazi nzuri zaidi. Kila mwezi alituma fedha nyumbani kwa simu bila kukosa. Fedha zilifika, sauti haikufika. Ilikuwa hivyo miaka tisa.

Alirudi kwa mazishi ya bibi yake. Matanga yalipokwisha, baba akamwambia kwamba miguu yake haipandi tena miti, na mizinga imejaa. Kijana hakuweza kukataa mbele ya wazee. Wakaenda, wawili tu. Siku tatu walizungumza juu ya nyuki: mzinga huu umehamwa, ule umeingiliwa na nyegere. Usiku wa nne, moto ukiwa umefifia, kijana akaita, "Baba." Mzee akaitika, "Naam, mwanangu." Ndipo kijana akauliza wale ng'ombe wanne walikwenda wapi.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba waliuzwa kwa matibabu ya mama, ambaye alikuwa na ugonjwa aliouonea haya, akamwapisha mumewe watoto wasijue. Karo ya mdogo mtu aliilipa mjomba. Sasa mama ni mzima, na ni yeye mwenyewe aliyesema kabla hawajaondoka, "Mkiwa huko mwambie."

Huenda mnangoja tuwaambie kwamba walikumbatiana wakalia. La. Kijana alisema, "Baba, miaka tisa nilijua hunipendi." Mzee hakujibu. Asubuhi walikunja vyombo vyao, wakatembea kutwa bila maneno mengi. Siku hizi kijana hupiga simu kila Jumapili, na hasira yake haijakwisha yote. Ametuambia hivyo yeye mwenyewe.

Wapendwa, tusiwe wepesi wa kumhukumu mzee huyu. Siri ya mkewe haikuwa mali yake ya kugawa, na mume aitunzaye heshima ya mkewe mgonjwa atenda haki. Lakini kati ya kusema yote na kutosema lolote ipo njia, na njia hiyo ndiyo tunayoiona katika aya zilizorukwa. Tazameni kwanza mizigo. Kuni anabeba mwana. Moto na kisu anavishika baba mwenyewe, yaani vitu viwezavyo kuunguza na kukata. Ndivyo walivyo wazazi wengi: jambo lenye makali hawamwachii mtoto, hata akiwa na ndevu. Kisha Isaka anamwita baba yake, na baba anaitika kwamba yupo. Katika Kiebrania neno la kuitikia ni moja, nalo hurudi mara tatu katika sura hiyo: Abrahamu alimwitikia Mungu hivyo mwanzoni, atamwitikia malaika hivyo juu ya mlima, na katikati anamwitikia mwanawe hivyo hivyo. Yeye aliyetega sikio kwa Mungu hakuliziba kwa mtoto.

Ndipo Isaka anauliza alipo mwanakondoo, maana kuni na moto ameviona. Ni swali la mtu mzima aliyekuwa akihesabu vitu kimya kimya njia nzima, kama yule wa kwetu alivyohesabu ng'ombe. Abrahamu hasemi yote ayajuayo. Lakini hasemi uongo, hamkemei kwa kuuliza, wala hanyamazi. Anamwambia kwamba Mungu mwenyewe ataliangalia jambo hilo. Na Maandiko yanasema wakaendelea kwenda wote wawili pamoja. Mzee wa kambi ya asali angeweza kusema, miaka ile tisa iliyopita, "Mwanangu, ipo sababu, siwezi kuitaja leo, wala si kwamba nimekuacha." Maneno hayo yasingeivunja siri ya mkewe.

Na vijana nao tuwape neno, tena kutoka Injili ya leo. Petro alipouona utukufu wa Bwana mlimani, alitaka kujenga vibanda vitatu, na Marko anaeleza kwa nini: hakujua la kusema. Ni vigumu tusijione wenyewe humo. Wangapi, kwa kutojua la kusema na mzazi, tunaanza kujenga! Tunatuma saruji, tunatuma bati, tunamwekea mzee umeme wa jua. Na tukifika nyumbani sikukuu ya Noeli tunakagua ukuta na kuondoka kesho yake. Nyumba ya bati ni zawadi njema, wala hatumkatazi mtu. Ila ile sauti iliyotoka katika wingu haikumwambia Petro ajenge. Ilimtaka amsikilize Mwana.

Akina mama na mabinti zao msidhani mmeachwa nje ya somo hili kwa kuwa hampandi mizinga. Shamba la mbali la alizeti, ambako mnalala kibandani wakati wa kuvuna, ni kambi pia. Hata kitanda cha hospitali, binti anapomuuguza mama yake usiku, ni kambi.

Lipo jambo moja katika sura hiyo ambalo husemwa mara chache. Baada ya madhabahu, Maandiko yanasema Abrahamu aliwarudia vijana wake wakaenda Beer-sheba. Isaka hatajwi katika safari ya kurudi. Na tangu pale, Biblia haiandiki tena neno lolote ambalo baba na mwana hawa waliambiana. Tunapowaona tena mahali pamoja ni katika sura ya 25, kwenye pango la Makpela, na hapo Isaka na Ishmaeli wanamzika baba yao. Yawezekana walizungumza mengi miaka yote ile. Lakini yaliyoandikwa ni yale ya njiani tu.

Kwa hiyo tunawaomba makatekista, katika jumuiya ndogo ndogo juma hili, msome Mwanzo 22, aya ya 3 mpaka ya 8, polepole. Mmoja asome maneno ya baba, mwingine ya mwana. Penye wazee wenye watoto wakubwa, mzee asome sehemu ya Isaka, na kijana asome ile ya Abrahamu. Baada ya kusoma msiharakishe kuanza wimbo.